Mishumaa ya Kuwalisha Njiwa: Maisha ya Inayat Masih Sahotra (1958–2019)

Yamesomwa makaburini, Gujranwala, Jumatano tarehe 1 Mei 2019, na mdogo wake, Daud Masih, ambaye ndiye aliyeyaandika

Inayat Masih Sahotra, ambaye jeneza lake liko mbele yetu, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Kot Jamalpur, wilaya ya Gujranwala, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Buta Masih na mama Rakhi. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya mwenye ardhi, na mama alizoa samadi kwenye mazizi ya mwenye ardhi huyohuyo. Wasifu wa namna hii huwa unasema kwamba marehemu alilelewa katika maadili mema na hakupungukiwa na kitu. Maadili yalikuwapo. Vitu vilipungua.

Alipokuwa na miaka saba alipewa kazi ya kufagia kinyesi cha njiwa juu ya paa la yule mwenye ardhi. Kufagia aliruhusiwa, kumgusa ndege hakuruhusiwa. Siku moja mtunza njiwa alimtupa jalalani ndege aliyevunjika bawa, na Inayat, kwa kuwa jalalani ndiko kulikokuwa kwake, akamwokota na kumpeleka nyumbani ndani ya shati. Mama yake alimtazama yule ndege, akamtazama na mwanawe.

"Humu ndani tuko wanane na mikate ni sita," akasema. "Huyo wa tisa umemwalika wewe, basi utamlisha wewe."

Akamlisha nusu ya mkate wake kwa majuma matano. Bawa likapona, njiwa akaruka, akazunguka mara mbili juu ya kijiji, akatua palepale juu ya paa la mwenye ardhi. Dada zake walitazamia alie. Hakulia. Alisema, "Anajua kwao," na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtoa njiwa moyoni mwake.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1965. Darasa la sita na la saba alikuwa wa kwanza katika hesabu. Mwezi Novemba 1972 baba akafa kwa homa ya matumbo, na mama akauza mbuzi wawili akahamia na watoto mjini Gujranwala, mtaa wa Karimpura, nyuma ya kanisa, katika chumba ambacho baadaye kilikuja kuwa nyumba yao. Mwalimu wake wa hesabu alifunga safari kutoka kijijini kuja kumbembeleza mama amwachie mtoto amalize darasa la kumi.

"Mwalimu," mama akamuuliza, "akimaliza, watampa kazi gani?"

Mwalimu alikuwa Mkristo mwenzetu, na alijua kazi tunazopewa wengi wetu. Alimaliza chai yake, akaaga.

Basi Inayat akaishia darasa la nane. Aliyemaliza darasa la kumi ni mdogo wake, Daud, mwaka 1983, na ada yote ilitoka katika mshahara wa Inayat. Hili lisemwe mapema ili yatakayofuata yaeleweke.

Tarehe 1 Septemba 1976 aliajiriwa katika idara ya usafi ya mji, kitengo cha majitaka. Tangu siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kushuka ndani ya chemba, akiwa amevaa kaptula na kamba kiunoni, kuzibua kwa mikono yake uchafu wa watu ambao hawakujua jina lake. Aliifanya kwa miaka thelathini na mitano. Hakuwahi kuisifu wala kuilalamikia. Akitoka kazini aliogea bombani nje ya uwanja wa idara, akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, kisha akaja nyumbani akaoga tena, ndipo akapanda juu kwa njiwa wake. Ndege, alisema, wana haki ya kushikwa na mkono msafi.

Maana kufikia hapo alikuwa na njiwa. Alianza na jozi moja, zikawa tatu, zikawa kumi. Hawakuwa njiwa wa kuliwa, bali wale wa kuruka juu, wanaopaa alfajiri wakawa nukta, wakapotea kabisa machoni, na wasishuke mpaka alasiri, juu ya paa lilelile walilotoka. Kila anayeishi Gujranwala anajua ugonjwa huo wa wanaume, na anajua unavyokula pesa. Njiwa wa aina hiyo hafugwi kwa makombo. Anataka uwele na ngano iliyopepetwa, na joto linapoanza anataka lozi, samli na pilipili manga, vitu ambavyo katika nyumba zetu huonekana kwenye harusi.

Tarehe 8 Februari 1981 alifunga ndoa na Hanifan, binti wa mkunga wa mtaa wa reli. Bibi harusi alifika Karimpura, akapanda juu ya paa kuanika shuka, akakuta vizimba. Jioni alimkalisha mumewe chini.

"Mshahara wako ni wa nyumba hii," alimwambia. "Wa mama yako, wa mdogo wako anayesoma, na wa watoto Mungu akitujalia. Punje moja ya uwele isitoke humo."

"Na ndege wale nini?"

"Unaniuliza mimi? Si umesema wanaruka juu kuliko wote. Waambie wachume huko juu."

Watu waliosikia walicheka sana, lakini Inayat aliona ni haki, na hapo ndipo ilipoanza biashara yake ya mishumaa ambayo karibu kila mtu aliyesimama hapa amewahi kuinunua. Aliomba ruhusa kwa padre kukwangua nta iliyodondoka kwenye madhabahu na sakafu ya kanisa, akaiyeyusha ndani ya kopo la samli lililotumbukizwa katika sufuria ya maji, akaimimina kwenye mianzi. Mishumaa ya kwanza ilitoka imepinda, ikatoa moshi kama tanuri la matofali. Mtumishi wa kanisa, mzee Lazar, aliwasha mmoja, akaushika mbali na uso wake.

"Inayat, huu ni wa kumwombea marehemu au wa kumfukuza?"

Hakuona haya kujifunza. Rafiki yake, Ustadhi Siddiq, kwani kwetu fundi huitwa hivyo, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, Mwislamu aliyekula na kunywa nyumbani kwake bila kuuliza, alimpa pampu kuukuu za baiskeli. Wakazikata, wakazisugua ndani, zikawa kalibu. Inayat aligundua kwamba kalibu ikipakwa mafuta ya haradali mshumaa huteleza wenyewe, na kwamba utambi wa pamba usukwe nyuzi tatu na uchovywe kwenye nta kwanza, la sivyo hula mshumaa kabla ya mwanga. Alipata nta nyeupe ya dukani kwa vipande, akaichanganya na ile ngumu inayozuia mshumaa kuinama kwenye joto la Juni. Kufikia mwaka 1985 mishumaa yake ilisimama wima kama askari. Aliitengeneza siku za mapumziko tu, dazeni tano au sita kwa juma, jikoni, baada ya Hanifan kumaliza kupika. Wateja walikuja wenyewe. Wakristo waliinunua kwa Krismasi, kwa mkesha wa Pasaka, kwa makaburi tarehe 2 Novemba. Waislamu waliinunua kwa usiku wa mgao wa umeme, na siku za Alhamisi kwa ajili ya ziara ya kaburi la walii lililo karibu na soko la ngozi. Watu ambao, kwa kumwona najisi, wasingepokea glasi ya maji kutoka mkononi mwake walipokea mshumaa, wakaupeleka mahali wanapoomba. Alilijua hilo. Aliwahi kusema, "Mshumaa hauliwi, ndiyo maana."

Mwaka 1988 mwenye duka kubwa la soko kuu alitaka achukue dazeni hamsini kwa juma, kwa mkataba. Inayat alikataa. Hanifan alikasirika siku tatu, na siku ya nne akamuuliza sababu.

"Nikifanya hivyo nitakuwa mtengeneza mishumaa," akajibu. "Mchana niko chemba, jioni niko kwenye nta, njiwa nitawaona lini? Mimi nataka mishumaa inilishie njiwa. Sitaki njiwa wanifanye mtumwa wa mishumaa."

Huyo ndiye aliyekuwa Inayat. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa cha mtu mwingine: mikono ya idara, mshahara wa nyumba, Jumapili ya kanisa. Mishumaa na njiwa tu ndivyo vilivyokuwa vyake.

Sasa lazima lisemwe jambo la mwaka 1994.

Miaka mitatu kabla, jike mmoja alizaliwa katika kizimba chake, mweupe, mwenye mstari mweusi kuzunguka jicho, kana kwamba amepakwa wanja. Akamwita Kajli. Akiwa na mwaka mmoja aliruka kwa saa tisa mfululizo. Akiwa na miaka miwili aliruka kwa saa kumi na moja, na wazee wa njiwa walianza kupita chini ya nyumba wakijifanya wana safari nyingine. Siddiq ndiye aliyemshawishi amwingize kwenye mashindano ya kiangazi ya chama cha wafuga njiwa wa upande ule wa mji. Mkristo hakuwahi kuingia. Hakuna kanuni iliyomkataza, ila hakuna aliyewahi kujaribu. Kwa miezi minne Inayat alimimina nta kila siku ya mapumziko, mpaka nyusi zake zikawa na harufu yake, ili apate kiingilio na lozi. Njiwa alikula lozi. Watoto waliramba maganda, na wenyewe watasimulia hilo kwa kicheko wakiulizwa.

Kanuni zilikuwa rahisi. Kila mshindani alirusha ndege mmoja saa kumi na moja alfajiri, kutoka juu ya paa lake. Atakayechelewa zaidi kutua juu ya paa hilo ndiye mshindi. Kila paa lilipewa mwamuzi wa kukaa pale mchana kutwa na kuandika saa. Mwamuzi wa Inayat alikuwa Chaudhri Rafaqat, mwenye kiwanda cha barafu, mjumbe wa chama. Katika kiwanda hicho, mwaka wa pili sasa, Daud Masih alikuwa mhesabu mabonge, kazi safi, ya shati lililopigwa pasi, aliyoipata kwa sababu ya darasa la kumi.

Ijumaa tarehe 10 Juni 1994, kabla jua halijachomoza, Hanifan alikuwa ameshatandika juu ya paa kitanda kipya cha kamba, chini ya turubai, na kando yake mtungi mpya wa maji na glasi mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya bei. Hakuna mdomo uliowahi kuigusa, na alihakikisha inaonekana hivyo. Chaudhri alifika na mwavuli, akasimama uchochoroni.

"Mleteni ndege huku chini nimpige mhuri," akasema.

Inayat akashuka na Kajli. Chaudhri akamshika kwa mikono yake miwili, akamfungua bawa, akapiga mhuri wa chama, akamrudisha.

"Karibu juu, Chaudhri sahib. Kuna kivuli."

"Mimi nitakaa kwa Malik, hapo mkabala. Paa lako naliona vizuri kabisa."

"Lakini kanuni, sahib."

"Kanuni nimeziandika mimi, Inayat. Mrushe ndege, muda unakwenda."

Akamrusha. Kajli akapanda mizunguko minne, mitano, akawa nukta, akapotea. Juu ya paa walikaa Inayat, Hanifan na Daud. Joto la siku ile lilikuwa la kuua. Njiwa wa watu wengine walianza kushuka saa tano, saa saba, wengine wakiwa hoi. Chaudhri alikwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, akarudi, akala kwa Malik, akalala kidogo, akaamka. Saa kumi na moja na dakika kumi jioni ikasikika kelele upande wa mashariki: ndege wa mpwa wake Chaudhri ametua, wa mwisho kuonekana. Watu wakaanza kupongezana. Chaudhri akafunga mwavuli wake, akaondoka juu ya paa la Malik kwenda kwenye sherehe. Kajli alikuwa bado juu.

Inayat alisimama shingo nyuma, mkono juu ya macho, kama alivyosimama tangu asubuhi. Daud alikuwa wa kwanza kumwona: punje nyeupe, kisha punje yenye mabawa, kisha ndege. Alishuka kwa mzunguko mmoja mpana, bila haraka, akatua juu ya mlingoti wake. Ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini. Daud alitazama saa yake ya mkononi. Saa hiyo Inayat ndiye aliyemnunulia, mwaka 1983, siku matokeo yalipotoka, kwa pesa za mishumaa alizokuwa ameziweka kununua jozi ya njiwa kutoka Sialkot.

Walikwenda mbele ya chama jioni ileile, uani kwa Chaudhri, Inayat akiwa amembeba Kajli kifuani. Mhuri ulikuwapo kwenye bawa. Chaudhri alisema kwa upole kwamba mhuri unaonyesha ndege, hauonyeshi saa. Mwamuzi, kwa kanuni, lazima awe juu ya paa la mshindani.

"Nani alikukataza kupanda?" Inayat akauliza.

Ustadhi Siddiq akasimama akasema alimwona ndege akitua, yeye alikuwa juu ya paa lake, nyumba ya tatu. Wakamwambia nyumba ya tatu si nyumba ileile. Inayat akasema mkewe alikuwapo. Wakacheka kidogo, mke atamshuhudia mumewe nini. Ndipo mjumbe mmoja mzee, mtu wa haki kuliko wenzake, akasema, "Ndugu yake alikuwa juu. Amesoma huyu. Tumuulize." Akamgeukia Daud. "Kijana, ndege alitua saa ngapi?"

Daud alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Alimtazama Chaudhri, na Chaudhri hakumtazama yeye. Alikuwa akimimina chai. Daud akauvuta mkono wa shati mpaka ukafunika saa.

"Sikuwa na saa," akasema.

Inayat aligeuza uso akamtazama mdogo wake. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayesoma barua fupi. Kisha akamfunika Kajli kwa kilemba chake, akaenda nyumbani, na Jumapili yake alimimina mishumaa kama kawaida, kwa sababu nta ilikuwa imeshanunuliwa.

Leo, mbele ya jeneza hili, na mbele ya wale wajumbe wawili wa chama walio hai ambao wamekuja kuzika na Mungu awabariki kwa kuja, Daud Masih anasema aliyopaswa kuyasema miaka ishirini na mitano iliyopita. Ndege alitua saa moja kasoro dakika ishirini. Alikaa angani kwa saa kumi na tatu na dakika arobaini. Alimshinda mshindi kwa saa moja na nusu. Inayat Masih alikuwa bingwa wa mwaka ule, na aliyemnyima si Chaudhri peke yake.

Sisi wa mtaani pia tusijitakase. Katekista alimwambia amshukuru Mungu kwamba hawakumpiga. Jamaa walimwambia njiwa ni mchezo wa wahuni. Binamu mmoja alisema, "Ulitaka nini kwa wakubwa, medali?" Inayat aliwajibu wote kwa neno moja: "Saa." Alitaka saa yake iandikwe, basi.

Mwaka uliofuata chama kilikataa kiingilio chake, bila kutoa sababu. Hakuomba tena. Kisasi chake chote kilikuwa kimoja. Alhamisi moja mtumishi wa nyumba ya Chaudhri alikuja kuchukua mishumaa ya ziara, kama alivyozoea kwa miaka tisa. Inayat alikuwa ameketi mlangoni. Nyuma yake, ukutani, ilining'inia mishumaa dazeni nane, myeupe, mipya.

"Imekwisha," akamwambia.

Mtumishi akaitazama ukutani, akamtazama yeye, akaenda zake. Nyumba ile haikuwahi kuuziwa tena. Daud alibaki kiwandani miaka kumi na mmoja zaidi, akapanda cheo mara mbili. Kila Krismasi Inayat alimpelekea dazeni moja ya mishumaa, akakataa malipo, na neno la mwaka ule hakulitaja.

Inayat na Hanifan walibarikiwa watoto watatu: Naomi, Younis, na Akhtar aliyefariki akiwa na miezi minne. Inayat alikuwa baba wa maneno machache. Alimfundisha Naomi hesabu kwa kumpangia tambi za mishumaa, na Younis alipotaka kufuata kazi ya idara alimwambia, "Nitakukata miguu kwanza." Younis akajifunza umeme wa magari.

Tarehe 3 Agosti 2011, saa nne asubuhi, mwenzake kazini, Pervez, alishuka katika chemba ya barabara ya reli akazidiwa na gesi. Hapakuwa na kinyago wala mashine. Inayat alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mkubwa kuliko wote waliokuwa pale, na ndiye aliyeshuka. Alimfunga kamba Pervez, ambaye alivutwa juu akiwa amekufa; kisha wakamvuta Inayat, amezimia. Alikaa hospitali siku kumi na tisa. Idara ilileta kikapu cha matunda na, baada ya miezi saba, barua ya kumstaafisha.

Mapafu hayakurudi. Daktari alimkataza vumbi la njiwa na moshi wa nta. Alipotoka kwa daktari alimwambia Hanifan, "Ameniorodheshea kila ninachokipenda, akakiita sumu. Lile shimo hakulitaja."

Hanifan, ambaye miaka thelathini alikuwa hataki punje moja ya mshahara iende kwa ndege, ndiye aliyefunga kitambaa puani akaanza kumimina mishumaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi kuwalisha njiwa, huku mumewe ameketi uani akimwelekeza kwa ishara. Lakini dunia ilikuwa imebadilika. Betri za ndani na tochi za Kichina zilikuwa zimeufanya mgao wa umeme usiwe na giza. Mishumaa ikabaki ya makaburi na Pasaka. Njiwa arobaini wakawa ishirini, wakawa tisa. Wale tisa wote walikuwa uzao wa Kajli.

Mwezi Desemba 2018 Chaudhri Rafaqat, sasa mzee wa fimbo, alimtafuta Daud amwongoze hadi kwa kaka yake. Alitaka jike mmoja wa damu ile. Na Daud, ambaye hakuwa tena mfanyakazi wake na hakuwa na sababu ya kumwogopa, alimwongoza. Chaudhri aliingia, kwa mara ya kwanza, akaketi juu ya kitanda cha kamba. Hanifan akaleta chai, akamwekea mkononi.

"Taja bei yako," Chaudhri akasema.

Inayat alihema kwanza. Sentensi moja wakati ule ilimgharimu pumzi tatu. "Kunywa chai, sahib. Ukimaliza kikombe, mchukue bure. Umchague mwenyewe."

Chaudhri alikitazama kikombe. "Nina kisukari."

"Haina sukari," Hanifan akasema.

Walikaa hivyo mpaka chai ikafanya utando. Chaudhri akaiweka chini, polepole, akasema amekumbuka ana mgeni nyumbani. Daud akanyanyuka kumsindikiza, kwa mazoea, na hapo Inayat akamwita.

"Wewe kaa."

Akakaa. Hanifan alichukua kikombe akamwaga chai chini ya mwarobaini. Daud alijaribu kuanza. Alisema, kaka, ile siku, mimi. Inayat alimnyanyulia mkono.

"Najua kwa nini ulifunika saa. Ningekuwa na kazi ya shati, labda na mimi ningefunika. Usiniombe mimi msamaha, mimi nilikuwapo, nilimwona ndege. Waambie ambao hawakumwona."

Daud aliahidi atasema kwenye chakula cha Pasaka, wajumbe wa zamani wakialikwa. Pasaka ilifika tarehe 21 Aprili. Walialikwa, walikuja, walikula. Inayat alikuwa ameketi pembeni na chupa yake ya hewa, akimtazama mdogo wake. Daud aliomba chumvi. Alisifu wali. Alijiambia kuna Krismasi.

Inayat Masih alifariki nyumbani kwake Karimpura Jumanne tarehe 30 Aprili 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Hanifan alikuwa juu ya paa akimwaga uwele. Aliposhuka akamkuta ameketi vilevile, kichwa nyuma, uso juu.

Ameacha mjane, Hanifan Bibi, binti, Naomi, muuguzi mjini Lahore, na mumewe Saleem, mwana, Younis, na mkewe Rubina, wajukuu watano, dada wawili, Surraya na Mumtaz, rafiki wa maisha, Ustadhi Siddiq, aliyechimba kaburi hili kwa mkono wake mwenyewe na wanawe, na mdogo mmoja, ambaye alikuwa na saa.

Ee Bwana, mpe kaka yetu Inayat pumziko ambalo sisi tulimnyima akiwa hai. Na sisi tuliobaki, usitupe pumziko hilo upesi.